Kilio cha mradi wetu wa vinkubala

Jumamosi. Mvua inapiga tangu asubuhi, umeme hakuna, na mimi leo nimecheka na kulia kwa pamoja.

Juzi wafadhili wa mradi ninaouongoza waliandika: pesa imekatwa, ofisi ifungwe. Sikushangaa. Mwaka huu kila kitu kinafungwa. Vita huko mashariki, bei ya unga haishikiki, watu wanaulizana tu nani anaondoka. Basi nikawaandikia kwenye simu wote wanaojitolea, akina mama na akina papa wanaochunguza miti ya pori na kutuma picha vinkubala vinapotokea, ili tujue viwavi hawa tunaowala wanapungua wapi. Niliandika kifupi: mradi wetu umekufa.

Katika mji huu huwezi kuandika neno hilo halafu ukaachwa peke yako!

Leo wamekuja kukaa kilio, yaani matanga, kama kwa mfiwa. Mama Kalenga, muuzaji wa vinkubala sokoni Ruashi, ametangulia na mkeka kichwani na sufuria ya bukari, ugali wetu, mkononi. Nyuma yake Papa Ilunga, mstaafu wa reli, ndani ya koti lake la msiba. Wakaketi chini sebuleni kwangu, na wengine wakafuata. "Pole ya kilio, professeur," wakasema, nyuso kavu kabisa. Mawee! Ninawapenda watu hawa hadi kifua kinauma.

Tukala, tukataniana. Kisha Papa Ilunga akasimama kama msemaji wa familia: "Marehemu aliacha kazi. Njo nani atabakia nayo?"

Wote wakanitazama mimi.

Nilikuwa sijamwambia mtu. Jumatatu naanza kazi kwenye mgodi mmoja huko Kambove, maana nina watoto wa kulisha. Niliogopa wataniona msaliti, na kazi yetu yote itaishia pale pale kwenye mkeka. Nikawaambia hivyo hivyo, bila kupamba.



"Kule Kambove miti haiko?" Mama Kalenga akauliza.

"Iko, mama."

"Bon. Miye njo nitabakia na kazi. Na weye utakuwa unanitumia picha ya kule. Picha ya muzuri, jani ionekane! Kama inatetemeka, ninakurudishia."

Wakapiga makofi. Nami nikaitika "ndiyo, mama" kama mwanafunzi, machozi yananitoka.

Basi Jumatatu ni ya mgodi. Jumapili ni ya Mama Kalenga, na nisipotuma picha, atapanda gari hadi Kambove kunifuata. Namjua.