Disiki ya Inje na Mashati ya Mathews

Nchelenge, tarehe 7 Aprili 1998

Yaya Ngalula, dada yangu mukubwa mupendwa,

Jambo sana, na jambo tena. Homa ya mutoto imepoa? Na muguu wako unaokanyaga cherehani siku nzima, bado unauma? Sisi huku ni wazima. Samaki wamerudi tangu uvuvi ulipofunguliwa, na mimi, yaya, nanenepa kwa furaha. Hii ni wiki ya saba tangu niitwe muke wa mutu, na bado nikisikia viatu vya Mathews mulangoni, moyo unarukaruka kama kasamaki ka chisense ndani ya kitunga.

Uliniuliza bwana yangu anafanya kazi gani hasa. Kaa chini, maana nikianza kumusifu simalizi. Hapa kuna ofisi ya kupima samaki. Miaka sita sasa watu wake wanazunguka ufuko wote wa ziwa letu, kutoka Chienge mpaka kisiwa chake cha Kilwa, wanapima samaki na kuandika. Madaftari mengi yameliwa na muchwa. Kila kitu kimebaki ndani ya kompyuta moja, na Mathews ndiye anayeichunga. Ungeona vidole vyake! Anaandika bila kuangalia, kama wewe unavyotia uzi kwenye sindano.

Lakini kompyuta imezeeka. Disiki ya ndani, pale zinapokaa kumbukumbu zote, inakwaruza kama panya kwenye dari. Ikikufa, miaka sita imekufa nayo. Basi Lusaka wametuma disiki ya inje, kisanduku kama Biblia, chenye waya wake wa umeme, ili Mathews anakili kompyuta nzima humo. Ni kazi ya saa tatu. Anaanza saa saba, na kila mara inavunjika karibu na saa tisa! Kompyuta inaandika kwamba disiki ya inje haionekani, na kumbe iko pale pale mezani inatuangalia. Amebadilisha waya. Ameifuta disiki yote na kuanza upya. Amezuia kompyuta isisinzie. Amefungua madirisha kwa sababu ya joto. Mara moja tu ilifika tisini kwa mia, siku ile nililala na malaria, halafu umeme wa muji wote ukakatika. Hakasiriki, yaya. Anapangusa miwani, anasema, "Tuanze tena." Nani mwingine ana moyo kama huo?

Ila naogopa. Tarehe 27 mutu wa Lusaka anakuja kuchukua disiki hiyo. Akiikuta tupu, watamuweka mwingine mahali pa Mathews. Bi Kalaba, mukubwa wa ofisi, alimwambia mbele yangu: "Bwana harusi, mapenzi hayajazi disiki."

Mimi sina la kumusaidia isipokuwa kumupendeza. Nyumba yetu haina umeme, basi kila siku nikimaliza kuosha vyombo vya muchana, nachukua ile pasi ya umeme uliyotupatia kwa harusi, naenda depo ya ofisi, chumba cha kuwekea vitu nyuma ya ukuta wake, namupigia pasi shati la kesho. Anasema hajawahi kuvaa shati lililonyooka hivyo tangu azaliwe. Utuombee.

Mudogo wako,
Bénie


Lubumbashi, tarehe 14 Aprili 1998

Mudogo wangu Bénie,

Jambo yako nimepokea, na ya shemeji pia. Mutoto amepona. Muguu unalalamika, lakini cherehani haina huruma.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilikuonea wivu kidogo, maana bwana yangu mimi hata shati nikimushonea jipya haoni. Mara ya tatu niliacha suruali ya mutu bila zipu, nikasimama.

Ordinatere, hiyo kompyuta yenu, siijui. Pasi naijua. Hapa kwangu nikichomeka pasi, taa inafifia, na cherehani ya jirani François, ile ya moteri ya umeme, inasimama katikati ya mushono. Tulitukanana mwezi muzima, yeye akidhani mashine yake imerogwa. Pasi inakunywa umeme kama mutu aliyetoka safarini.

Sasa jiulize wewe mwenyewe, usingoje kuniandikia: unachomeka pasi saa ngapi? Na siku ile ya malaria, nani alipiga pasi?

Usilie. Mwambie bwana yako leo hii, kwa kinywa chako. Kosa likifichwa linaoza kama samaki bila chumvi.

Yaya yako,
Ngalula


Nchelenge, tarehe 29 Aprili 1998

Yaya wangu, mama yangu wa pili,

Jambo sana, na Mungu akulindie muguu huo na kichwa hicho! Gari lililobeba barua yako lilizama kwenye matope. Mama Berthe, muuza samaki anayetubebea barua, alinipa Jumamosi tarehe 25, siku mbili kabla ya mutu wa Lusaka. Nilikuwa njiani kwenda depo, pasi mukononi. Niliisoma nimesimama. Nilikimbia mpaka ofisini na pasi yangu kama mwizi.

"Mathews, ni mimi!"

"Naona ni wewe."

"Hapana. Ni mimi ninayevunja disiki yako. Mimi na shati zako."

Nilimweleza: pasi naichomeka karibu na saa tisa. Alifuata waya kwa kidole, toka disiki mpaka tundu la ukuta, toka tundu mpaka depo. Waya mumoja; kompyuta ina wake.

"Mara ngapi?"

"Kila siku ya kazi. Isipokuwa siku ya malaria."

Nilingoja hasira yake ya kwanza. Akasema polepole, "Na mimi nimewaandikia Lusaka kwamba disiki yao ni mbovu." Halafu akaanza kucheka, ameshika meza kwa mikono miwili, mpaka Bi Kalaba akatokea.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Bi. Kuna aliyefufuka."

Tukakaa kungoja disiki ijae. Bi Kalaba alileta birika lake la umeme, nilisimama mulangoni nikamwambia, "Bi, chai ni kesho." Saa tisa ikapita. Saa kumi na robo: mia kwa mia! Lakini Mathews hakufurahi mpaka alipotoa faili moja kutoka disiki ya inje na kuifungua. Samaki wa kisiwa cha Kilwa, mwaka 1993, wote wamelala kwa mistari yao. Hapo ndipo aliponishika mukono, mbele ya mukubwa wake!

Jumapili niliazima pasi ya makaa kwa jirani Eness. "Mayo, mama yangu! Puliza majivu kwanza!" alinipigia kelele, lakini mimi nilikuwa namuwaza bwana yangu. Kaa likaanguka, likatoboa mufuko wa shati. Jumatatu bwana yangu alilivaa hivyo hivyo mbele ya mutu wa Lusaka, na mutu yule akaondoka na disiki, Mathews akabaki na kazi yake.

Jana asubuhi kompyuta ya zamani ilikwaruza mara mbili, ikanyamaza kabisa. Mathews alipangusa miwani. Hakusema tuanze tena.

Pasi yako nimeifunga ndani ya kitenge cha harusi mpaka tupate nyumba yenye umeme. Mathews anataka kuandika mwenyewe hapa chini, kwa Swahili yake ya soko la samaki. Nisimurekebishe, anasema.

Mudogo wako mwenye bahati,
Bénie

Yaya Ngalula, jambo. Pasi nzuri. Disiki nzuri. Muke nzuri kupita yote. Lakini yote tatu, waya moja, hapana. Shati ya tundu, Bénie anataka kushona. Mimi nakatala. Kesho navaa tena.

Shemeji yako,
Mathews