Saa Mkononi mwa Erasmo

Jumatatu, 2 Juni 2025

Mashine ya saa imefika! Erasmo kaileta mwenyewe kutoka Dar, imeviringishwa kwa pamba ndani ya kopo la vidonge. Kaitupa juu ya meza yangu ya kazi. "We kichwa cha panya buku, fufua hiyo." Ndiyo salamu yake. Mtoto wa mjomba, mtani wangu, nifanye nini? Nikamjibu kwamba kwa unene wa mkono wake itabidi mkanda wa saa tuazime kwa punda. Tukacheka sana.

Alipoondoka nikafungua pamba. Sikucheka tena. Mashine ya kronografu, kamili kasoro vitu vichache! Saa ya namna hii inakwenda kama saa nyingine, ila ukibonyeza kitufe cha juu mshale mwembamba unaanza mbio, ukibonyeza tena unasimama, ukibonyeza cha chini unaruka kurudi juu. Mjomba Klementi alikuwa nayo. Yeye ndiye aliyenifundisha ufundi. Ilipomharibikia akaitoa vipuri kimoja kimoja kuponya saa za wateja, likabaki kasha na uso wake mweusi.

Na kasha na uso karithi nani? Erasmo! Mnunuzi wa ufuta, hajui skrubu inakazwa upande gani. Zamani kwetu mali ya mjomba ilikuwa ya mpwa. Siku hizi ni ya mtoto. Sawa. Sina neno, naandika tu.

Jumatano, 11 Juni

Leo mishale, kutoka Kilwa Masoko. Kaiuza Umi, binti wa fundi mmoja marehemu, anamaliza mabaki ya baba yake. Mishale ya buluu, haina hata kutu! Erasmo anapiga simu tu na vitu vinakuja. Mimi springi nimeifuata kwa miguu yangu — basi, kisha bodaboda, vumbi mpaka masikioni, hadi Pande, nikashinda nikimbembeleza mzee mmoja anipe saa yake mbovu nimpe nzima. Nilipomsimulia Erasmo kasema, "Hongera, umetembea."

Kinyundo hakipo. Ni kidude kisichozidi punje ya mchele, ndicho kinachoupiga mshale urudi juu. Dar hakuna, kwa Umi hakuna. Erasmo anasema niachane nacho, mshale ubaki pambo.

Pambo! Mjomba angefufuka amchape.

Jumamosi, 21 Juni

Kinyundo nimekitengeneza mwenyewe. Kwa tupa, kutoka kipande cha springi ya saa ya ukutani. Nimeharibu vingi kabla ya hiki, vidole vimechubuka, jicho la lenzi linatoa machozi. Nikakifunga, mashine nikaitia kwenye kasha la mjomba. Nikabonyeza — mshale ukaondoka. Nikabonyeza — ukasimama. Cha chini — tak! Juu kabisa, umenyooka! Nikapiga ukelele. Muuza chipsi wa hapa jirani kaja mbio akidhani umeme umenishika.

Nimeivaa kwenda nayo nyumbani. Kuijaribu tu. Saa lazima ijaribiwe mkononi, hilo kila fundi anajua. Lusia mke wangu kaiona tulipokuwa tunakula. Kasema imenipendeza kweli, mkono umekuwa wa bwana mkubwa. Nikatabasamu kama mjinga. Halafu kaongeza, "Erasmo atafurahi huyo!"

Ugali ukanishinda.

Ijumaa, 4 Julai

Kaichukua. Nilijitahidi kuichelewesha. Mara mafuta hayajakaa sawa, mara vumbi, mara unyevu wa mvua — mvua, mwezi wa saba! Leo kaja na kusimama hapo mpaka nikaivua. Ndiyo, nilikuwa nimeivaa. "Hee, mtani, unaninyonyeshea mtoto?" Nikamwelekeza: ufunguo kila asubuhi, usiogee nayo, usishike jembe nayo, mtikisiko utaiua. Anaitikia "eeh, eeh" huku anaupiga picha mkono wake.

Mkono wangu umebaki na alama ya mkanda.

Jumapili, 13 Julai

Misa ya pili. Erasmo benchi la mbele, shati la mikono mirefu kalikunja upande mmoja tu. Padri anahubiri, mkono uko juu ya benchi unahubiri wake. Baada ya misa wanaume wamemzunguka. "Kitu cha marehemu baba hiki. Nimeiunda kipande kwa kipande."

Nimeiunda! Yeye!

Nikasogea kama naenda kumsalimia mkewe. Nikatupa jicho. Imesimama! Inaonyesha saa mbili kasoro wakati sisi tulishapita saa nne. Hajaitia ufunguo. Mtu mmoja kamuuliza muda — na Erasmo, bila haya, kaingiza mkono mfukoni kaangalia simu.

Basi na niandike. Nina wivu. Siutaki ufuta wake, siitaki nyumba yake ya Rasbura. Nataka ile saa. Kinyundo changu kimo ndani yake na yeye hajui hata kama kipo.

Alhamisi, 17 Julai

Tumemzika bibi Devota. Kwangu mimi mzaa mama, kwa Erasmo mzaa baba. Kafa kashiba miaka, hakuna aliyelia sana, na watani tulikuwa tumejaa uwanja mzima wa Erasmo hapo Rasbura. Mmoja kavaa kanga ya bibi anaigiza anavyodai ugoro. Mwingine kalala mbele ya jeneza anataka nauli. Ndiyo desturi. Mtani akikamata kitu chako msibani hununi. Unatoa chochote, unakikomboa, watu wanacheka, maisha yanaendelea.

Kule kaburini Erasmo kataka naye ashike jembe. Na kwa mara ya kwanza kanisikiliza! Kaivua saa, kaiweka juu ya shati lake lililokunjwa, kateremka shimoni. Mimi nilikuwa hatua mbili tu.

Nikaidaka. "Imekamatwa! Mwenyewe aikomboe, la sivyo bibi anaondoka nayo!"

Vicheko mpaka kwa kina mama. Erasmo toka shimoni: "Taja, we mwizi wa kuku!" Nikataja jogoo. Jogoo kaja. Vigelegele. Nikasema jogoo gani huyu, kakonda wakati mwenye nyumba kanenepa, naongeza mbuzi. Kacheka, kaagiza mbuzi! Tuliporudi uwanjani kachinjwa, kaliwa, msiba ukanoga. Kila mtu ananisifu, Rafaeli mtani wa kweli.

Ilibaki niirudishe. Mkono uliingia mfukoni, ukaishika, haukutoka. Nikasema, "Ngoja kwanza niipime, huenda umeitesa." Wakacheka tena. Erasmo naye kacheka. Ila macho yake yalikuwa mfukoni mwangu.

Jumamosi, 19 Julai

Inakwenda vizuri mno. Nimeitia ufunguo mwenyewe asubuhi. Navaa shati la mikono mirefu na joto hili, wateja wananishangaa.

Ujumbe wa Erasmo: leta saa we fisi, na vikaragosi vya kucheka. Nimemjibu kwa vikaragosi vya kucheka.

Lusia hacheki. Anasema jogoo kaliwa, mbuzi kaliwa, sasa nangoja nini, ng'ombe? Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nikamwambia haya ni mambo ya watani, ayaache. Kasema watani anawajua, na uso wa mtani hauwi hivi.

Kisha mama. Kaja mpaka hapa kibandani, kaketi kwenye kiti cha wateja. Tanga la bibi linaanuliwa Jumanne. Kabla ya hapo nilichonacho ni utani, kasema. Baada ya hapo kina jina jingine, na yeye hatalitamka kwa mtoto aliyemzaa. Nikamwambia nitairudisha, mama. Nilimaanisha kabisa, wakati ule.

Jumanne, 22 Julai

Tanga limeanuliwa. Nimekwenda. Saa nimeiacha nyumbani, ndani ya kopo la mchele.

Nilipanga nitasema nimesahau. Hakuna aliyeniuliza! Erasmo kanipakulia pilau kwa mkono wake, kaniongezea nyama. Nilikuwa namngoja anitukane mbele za watu, nimtukane, mambo yaishe, nikimbie kuileta. Hakunitukana. Kaniambia tu, "Karibu, kula." Mama kautazama mkono wangu mtupu, kisha kaenda kukaa upande mwingine na wanawake.

Sahani nimeiacha nusu.

Njiani nimejitetea peke yangu mpaka Lusia kaongeza mwendo kuniacha nyuma. Springi nani kaifuata Pande? Kinyundo nani kakichonga? Mjomba kamfundisha nani? Hoja zote ninazo. Ila hakuna hata moja ninayoweza kumtolea Erasmo bila kusema kwamba haukuwa utani tangu mwanzo, hata pale kaburini.

Jumatano, 23 Julai

Kaja. Yuko hapo nje sasa hivi.

Hakuja na gari, kaja kwa miguu. Nilimwona akivuka barabara nikavuta mkono wa shati chini kuifunika saa, matusi nikayaweka tayari ulimini, mazuri kabisa, ya kumchekesha. Kasimama mlangoni. Kavua kofia.

"Shikamoo, kaka."

Nimemzidi umri, ndiyo. Lakini tangu utotoni hajawahi kuniamkia, wala sijawahi kutaka. Mtani hamwamkii mtani! Nikamwambia aache ujinga, we tumbo la ufuta, ingia ukae. Hakucheka. Hakuingia. Kofia kaishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, kaka Rafaeli."

Nikasema ngoja, natafuta lenzi. Lenzi ilikuwa imening'inia shingoni mwangu, ameiona. Nimeingia nyuma ya pazia, naandika nikiwa nimechuchumaa, karatasi juu ya goti. Viatu vyake naviona chini ya pazia. Havijasogea.

Nikiitikia marahaba, nimekubali. Utani umekufa, mimi ni kaka mtu, na kaka mtu kachukua saa ya mdogo wake. Nikiivua nikamrushia kwa tusi, labda atacheka. Labda. Naishika ili niivue. Inagonga tik tik tik, haijachelewa hata kidogo tangu niichukue, na vidole vyangu, vidole hivi vilivyoiunda, havitaki kufungua mkanda.

Lusia kaleta chai. Namsikia anamuuliza shemeji, mbona umesimama juani, si uingie?

Na Erasmo anamjibu, taratibu, kwa adabu kabisa: "Namngoja kaka aitikie."