Kurasa Nne Nilizozigandisha kwa Uji wa Muhogo

Mama Loyce mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na baada ya salamu naomba msaada wako, kama unavyowajibu wengine gazetini, kwa jambo ambalo kila nikimweleza mtu hapa Mkomaindo ananijibu, Mama Optatus, hayo nayo ni matatizo, wenzio wana wagonjwa. Na mimi ninaye mgonjwa, ndiye huyo huyo ninayekuandikia habari zake, ila mguu uliomleta hospitali unapona na hili nililomsababishia mimi naona haliponi.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, shule nilisoma miaka sita tu, lakini kila Jumamosi alasiri nawasomea watoto hadithi kwenye ukumbi wa kanisa letu, na kitabu ninachosomea ni kimoja, nilirithi kwa marehemu baba yangu aliyekuwa mwalimu wa misheni. Jalada na kurasa za mbele zilishatoka kabla sijajua kusoma, hivyo jina lake silijui wala la aliyekiandika, sisi tunakiita Kitabu cha Fisi kwa sababu kinaanza na fisi aliyefungwa kengele shingoni akadhani amepewa cheo. Nakipenda kitabu hicho, sikufichi. Nilijifunzia kusoma humo, na hata leo nikisimama kusoma somo kanisani najisikia natembea na yule fisi.

Lakini katikati yake mna hadithi ya kurasa nne inayoitwa Bibi Sahani. Huyo ni mama wa Kimakonde mwenye chale usoni na ndonya kwenye mdomo wa juu, kile kipande cha mti mweusi walichovaa bibi zetu, na kila akinywa uji unamwagikia kifuani, watoto wanamfuata nyuma wakiimba, Bibi Sahani, kunja mdomo tupite. Mwishoni mwalimu anamwambia kuwa Mungu hasikii sala inayotoka katika mdomo uliotobolewa, basi anaitupa ndonya mtoni na papo hapo anapata akili. Na picha yake ipo.

Sasa Mama Loyce, mwezi wa tano mama mkwe wangu, Bi Dorika, aliletwa kutoka Kitangari ili awe anafungwa kidonda cha mguu hapa hospitali, tukamwekea kitanda chumba cha watoto. Ana chale mashavu yote mawili, na ndonya aliivua miaka mingi lakini tundu lipo. Alibatizwa akiwa mtu mzima, na tangu afike yeye ndiye aliyekuwa akiombea chakula, kwa sauti, Kimakonde na Kiswahili vikichanganyika, na hakuacha mtu nje, aliomba mpaka kwa ajili ya kuku. Alasiri binti yangu wa mwisho, Winfrida, yuko darasa la nne, akawa anamsomea bibi yake Kitabu cha Fisi, na bibi alifurahi mno, akasema, "Huyu fisi namjua. Alikuwa jirani yetu, walipompa ubalozi wa nyumba kumi akaanza kutembea tumbo mbele." Walicheka wote wawili mpaka mimi jikoni nikacheka.

Nikaona wanaikaribia ile hadithi. Badala ya kusema na mtoto, nikasonga uji mzito wa unga wa muhogo, ule tunaobandikia bahasha, nikazigandisha zile kurasa nne mbili mbili, nikakianika kitabu juu ya kichanja cha vyombo. Winfrida aliponiuliza nikamwambia ni unyevu. Mwezi wa saba, Mama Loyce, unyevu wa wapi.

Siku moja nilikwenda kwenye kikao cha umoja wa akina mama, mtoto akakishika kitabu juu ya mvuke wa sufuria ya maharage, kama anavyoniona nikifungua bahasha ili nizitumie tena, kurasa zikaachia. Narudi nasikia sauti yake uani anasema, "Bibi, nilijua mama anatuficha iliyo tamu," akaanza kusoma kwa sauti yake yote, na watoto wa jirani walikuwepo, walipofika pale pa kuimba wakaimba. Mimi nikasimama nyuma ya ukuta wa jiko na sikuingia. Hapa ndipo ninapotaka kukuungamia. Sikuingia kwa sababu naijua hadithi ile kwa moyo, na midomo yangu ilikuwa inafuatisha maneno.

Bi Dorika hakumgombeza mtu. Alijivutia khanga mdomoni, na jioni aliniambia, "Mama Optatus, mdomo huu nilitobolewa nikiwa mkubwa kidogo tu kuliko huyo mtoto. Nililia siku tatu, siku ya nne nikajiona mzuri kuliko wasichana wote wa kijijini. Kumbe wenye vitabu walikuwa wananicheka." Tangu siku hiyo anakula ameelekea ukutani, na chakula haombei tena, tukimkaribisha anatikisa kichwa, naona midomo inacheza chini ya khanga lakini sauti haitoki. Amesema mwisho wa mwezi huu anarudi Kitangari, kidonda kipone kisipone, afadhali akateremke bondeni kuchota maji na mguu wake mbovu. Winfrida anamletea chai anaipokea, anasema asante mjukuu wangu, na mtoto anatoka pale analia.

Na juu ya hayo kuna hili la kuchapa. Siku hizi za soko huria vitabu vya shule kila mzazi anajinunulia, na vile vya rangi vinavyoletwa na wafanyabiashara bei yake inatushinda wengi, kwa hiyo Mwalimu Gwakisa, mtu wa Tukuyu anayefundisha hapa, mtu mwema sana, amepata ruhusa ya kutumia mashine ya kudurufu ya kanisa tutoe nakala sitini za Kitabu cha Fisi, watoto waende nazo nyumbani. Mimi ndiye ninayenakili kwa mkono ili mpiga chapa asome vizuri, karatasi za zamani zinakatika. Nimemaliza hadithi tano, nimefika kwa Bibi Sahani, kalamu imesimama.

Nilijaribu kubadilisha kimya kimya. Nikatoa ndonya nikaweka jino bovu, nikamkumbuka mama yangu mdogo. Nikaweka kipara, nikamkumbuka katekista wetu, tena ndiye atakayegawa nakala. Nikamwendea Mwalimu Gwakisa, akaniambia, "Mama Optatus, kitabu cha watu hakiguswi. Ukianza kurekebisha utaishia wapi? Kesho fisi naye atadai haki yake." Mume wangu Bonifasi naye akasema, "Mimi nilikisoma kitabu hicho shuleni kwetu utoto wangu wote na sikuwahi kumcheka mama yangu." Nikamwambia hukumcheka kwa sababu ulikuwa unamwogopa. Akachukua baiskeli akaondoka.

La mwisho, halafu nikuache upumzike. Nilipokuwa na miaka minane, sikukuu ya kanisa kijijini kwetu, baba alinisimamisha mbele ya watu nisome, na nilisoma Bibi Sahani, kwa sababu ndiyo niliyoisoma vizuri kuliko zote. Bibi yangu mzaa baba alikaa safu ya mbele, na ndonya yake. Watu walicheka sana, naye alipiga makofi kuliko wote, alikuwa anamwonyesha jirani yake kwamba yule ni mjukuu wake. Kiswahili alikuwa hajui. Miaka yote nimekumbuka siku ile kama siku ya furaha, na sasa nikiikumbuka natafuta pa kukaa.

Nimefunga Jumatano mbili, jibu sijapata. Nikibadilisha naona nimemwibia aliyekiandika, na baba yangu aliyekitunza. Nisipobadilisha, watoto sitini watajifunza kumcheka bibi yao kwa mwandiko wa mkono wangu. Nifanye nini?

Mimi,
Mama Optatus, Mkomaindo, Masasi
2 Agosti 1996

*

Mama Optatus,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale kwa katekista, mara ya pili sikucheka. Acha nikugombeze kwanza ili tumalizane na hilo.

Umejaza kurasa sita, na mwisho wake unaniuliza habari za kitabu. Mtu mzima ameacha kuomba kwa sauti ndani ya nyumba yako, na katika barua yote sijaona mahali ulipomwambia neno hata moja. Umesema na mwalimu, umesema na mumeo, umeniandikia hata mimi ambaye hatujawahi kupeana mkono. Yeye yuko hatua kumi kutoka jikoni kwako. Unaona haya, nakuelewa, lakini haya yako ndiyo inayomfungasha mizigo. Anadhani nyumba nzima inamwona vile kitabu kilivyomwona, na hakuna aliyemwambia sivyo.

Na ule uji wa muhogo. Mtoto wa darasa la nne ukimfungia kurasa nne, umemwambia ndizo tamu. Ungesema tu, "Mwanangu, hii inamtukana bibi yako, tuiruke," angeiruka, au angekuuliza inamtukanaje, na mngeongea. Uliyakimbia mazungumzo ya nusu saa ukayapata haya ya mwezi mzima. Winfrida usimpige wala usimsute. Hakujua, na wewe ulikuwa unajua.

Basi, nimemaliza ugomvi. Sasa swali lako.

Ndiyo, kibadilishwe. Nakala sitini zinakwenda kwenye nyua ambako hao bibi wamekaa wanachambua mboga, na watoto watawasomea kwa sauti, kama alivyofanya wako. Tena ile sentensi ya Mungu kutosikia mdomo uliotobolewa, wewe unayewafundisha watoto dini unajua ni uongo. Huwezi kuunakili uongo juu ya Mungu kwa mkono wako eti unamheshimu mwandishi ambaye hata jina lake hulijui.

Mwalimu Gwakisa, ambaye naamini nia yake ni njema, anauliza utaishia wapi. Mwambie unaishia hapo hapo, kwa mtu aliyekaa uani anajisikia akitajwa. Fisi na kengele yake aachwe kama alivyo, na siku atakapofika ofisini kwa mwalimu kulalamika mtaitisha kikao kingine. Bwana Bonifasi naye mwulize swali moja tu: kama hadithi ile haina ubaya, yuko tayari kumsomea mama yake mwenyewe, kwa sauti, kesho alasiri?

Ila hayo mambo yako ya jino na kipara yaache. Umeshaona mwenyewe kwamba kila unayemweka pale ni mtu wa watu. Hadithi imejengwa juu ya kumcheka mtu kwa mwili wake, ukibadilisha mwili umebadilisha wa kuchekwa tu. Itoe yote. Na usiitoe kwa siri, siri umeshaijaribu. Ukurasa wa kwanza wa kila nakala uandike hivi: "Kitabu cha zamani kilikuwa na hadithi moja zaidi. Tumeitoa kwa sababu iliwatukana bibi zetu. Anayetaka kuiona aje kwa Mama Optatus, ataisoma akiwa amekaa na mtu mzima." Kitabu cha baba yako kifute uji, kifungie kabatini kikiwa kizima, usikichane hata ukurasa. Hapo hujamwibia mtu. Aliyeandika alijua kumtazama fisi vizuri sana, alipofika kwa mama wa Kimakonde hakutazama. Unaweza kumpenda kwa lile na kumkatalia hili. Hata baba yako, ambaye najua ndiye anayekuuma hapo, alikusimamisha mbele ya watu kwa sababu alijivunia binti anayesoma. Mwachie furaha yake.

Sasa sikiliza utakachofanya, na ukifanye leo, kabla hujashika kalamu. Kaa chini na Bi Dorika, Winfrida akiwepo. Mwambie aliyegandisha kurasa ni wewe, na kwamba ulisimama nyuma ya ukuta ukasikia yote ukanyamaza. Mwambie habari za bibi yako kwenye sikukuu. Mwambie kwa Kimakonde, maana Kiswahili ndicho kilichomtukana. Usitegemee atakujibu yameisha. Anaweza kunyamaza siku mbili, na wewe uvumilie. Chakula usimbembeleze aombee. Omba wewe, yeye atachagua siku yake.

Akikusikiliza, mweleze habari za nakala sitini na umwulize anataka nini. Labda atasimulia zile siku tatu alizolia na ile ya nne. Labda atataka kusimulia jambo lisilohusu mdomo wake kabisa, na ana haki hiyo, mtu si tundu la ndonya tu. Chochote atakachosema, Winfrida aandike, amsomee, bibi akate asichokitaka, na juu liwekwe jina lake na la kijiji chake. Wala msimpambe awe malaika, mwacheni amseme yule jirani yake apendavyo. Akikataa, kitabu kitapungua kurasa nne na hakuna atakayeugua kwa hilo. Mpiga chapa atasubiri.

Safari ya Kitangari usiizuie. Msihi tu afunge kidonda mpaka daktari aseme basi, halafu mpelekeni nyinyi wenyewe, wewe na mtoto, mlale kule siku mbili tatu, bondeni kwenye maji uteremke wewe. Pale ni kwake, atakwenda tu. Ninachokutaka uhakikishe ni kwamba siku atakapopanda gari asiwe anaikimbia nyumba yako. Awe anakwenda kwa sababu mikorosho yake imechanua na anataka kuiona.

Wako,
Mama Loyce