Akaunti ya Mmiliki Mmoja

Machi 3

Kaka yangu, shikamoo.
Mgongo unaendeleaje? Mama anakula vizuri? Mimi mzima. Asubuhi nafanya usafi hotelini huku ughaibuni, jioni nahangaikia kampuni yetu. Imeshasajiliwa kule kisiwani, wanakosajili wageni kwa mtandao, nusu yako nusu yangu, lakini benki ya tatu nayo imetukataa leo. Kampuni kisiwani, wewe huko, mimi huku, wateja kila pembe: wanatuona wezi! Na maduka ya nguo za harusi yanaililia michoro yako, hayana tu pa kulipia. Wakala aliyetusajilia kapata benki nyingine. Wanataka pasipoti yako na bili ya umeme yenye jina lako, kisha watakuhoji kwa video.
Mdogo wako

Machi 19

Mdogo wangu, marahaba.
Sisi wazima. Mgongo ndio huohuo, tumeshazoeana. Bili ilikuwa bado na jina la marehemu baba. Watu wa umeme wamenizungusha weee mpaka wakabadilisha. Jana nimehojiwa. Juu koti na tai, chini kaptura. Binti wa benki akauliza, "Chanzo cha mapato yako ni nini?" Nikamwambia, "Cherehani hii," nikaigeuzia simu aione. Mama akachungulia mlangoni: "Mwambie hujaoa!" Binti akacheka. Nadhani tumepita. Nimeanza michoro ya msimu ujao, nachora huku naimba.
Kaka yako

Aprili 8

Kaka, shikamoo. Natumai hamjambo.
Wamekataa. Wakala kaninong'oneza kuwa tatizo si kampuni, ni pasipoti yako. Wakiona tu nchi, wanafunga faili. Ila kuna kampuni ya malipo ya kadi iliyokubali kutufungulia akaunti, mradi mmiliki niwe mimi peke yangu, mwenye kibali cha kuishi huku. Jana walitaka jibu siku ileile. Nimetumia ile idhini uliyonipa ya kukusainia. Nimekuondoa, kaka. Ni karatasi tu, nusu yako iko palepale. Usinifikirie vibaya.
Mdogo wako

Aprili 27

Mdogo wangu, marahaba. Sote wazima.
Nimekawia kwa sababu kila nilichoandika kilitoka kikali. Ungeniuliza, ningekubali. Siku ile uliyosaini ulinipigia simu, tukaongea habari za meno ya mama, tukacheka, ukakata. Hapo ndipo panaponiuma. Idhini nilikupa uniwakilishe, si unifute.
Michoro niliyokuahidi nakutumia yote. Hongera kwa akaunti.
Kaka yako

Juni 2

Kaka, shikamoo. Mama kaniambia kifua kilikubana, umepona?
Malipo yameanza kuingia. Nilipotaka kukutumia fungu lako, wakaniuliza una uhusiano gani na kampuni. Nichague: mteja, muuzaji au kibarua. Kaka hakuna. Nikachagua kibarua ili pesa zisirudi. Ukiliona neno hilo kwenye simu, lipuuze, tafadhali.
Mdogo wako

Juni 6

Mdogo wangu, marahaba. Kifua kimepoa.
Pesa zimefika, na neno limefika nazo. Mama hakuwa na miwani, akaniomba nimsomee nani katuma. Nikamsomea jina lako, nikaishia hapo.
Kibarua akishalipwa, hujikung'uta vumbi akaenda zake. Nimepata kazi ya kukata sare za shule. Mwenye karakana ananiita fundi. Sikulaani, wewe ni damu yangu. Lakini kukuchorea siwezi tena. Nikishika penseli, naichonga, nairudisha mezani.
Kaka yako

Septemba 15

Kaka yangu, shikamoo.
Nimeandika na kuandika tangu ile barua yako. Simu yako inaita tu. Mama anasema u mzima, unakwenda kazini, unakula, na nikitajwa unatoka nje kidogo.
Akaunti haina kasoro. Maduka yanadai michoro mipya, nayajibu kuwa mchoraji anaumwa. Jana nimemwambia wakala akurudishe kwenye kampuni. Akasema, "Ukimrudisha, akaunti inafungwa." Nikamwambia na ifungwe. Karatasi nimezituma kwa mama. Zinataka saini ya mkono wako mwenyewe.
Kama hutaki, usisaini. Niandikie hata tusi, kaka. Nitalipokea.
Mdogo wako