Ujumbe Umepokelewa, Asante

Alhamisi, jioni. Mawingu yamejikusanya juu ya Shinyanga mchana kutwa, na mvua haijanyesha. Joto halina adabu. Nimechoka, na si kwa kazi tu.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: natengeneza programu za kompyuta. Mwaka jana nilitengeneza mfumo wa wahudumu wa afya vijijini. Mhudumu akiona mjamzito yuko hatarini, anatuma ujumbe wa simu: namba ya kijiji, kisha herufi ya tatizo. Mfumo unaupokea, unausoma, unatafuta kijiji, unamwita dereva wa gari la dharura. Hatua nne, zimefuatana kama ng'ombe wanaokwenda lamboni kunywa maji.

Jumatatu asubuhi Mama Kulwa, mhudumu wa Didia, alituma ujumbe. Jirani yake Nyanjige, mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa anatokwa na damu. Kwa haraka Mama Kulwa hakukumbuka namba wala herufi. Aliandika kama mtu anavyosema: "Nyanjige anatoka damu nyingi njooni."

Hatua ya kwanza ikamjibu: "Ujumbe umepokelewa, asante." Hatua ya pili ikashindwa kuusoma. Ikautupa, kimya kimya.

Mimi ndiye niliyeiamuru hivyo. Ukikuta hitilafu, ruka, endelea na ujumbe unaofuata. Mstari ule niliuandika siku ya makabidhiano, nikiogopa mfumo usije ukasimama mbele ya wageni. Nikajiambia nitarudi kuurekebisha.

Sikurudi.

Walingoja saa mbili nzima. Mwishowe jirani mmoja akawapeleka hospitali kwa trekta lake. Nyanjige yuko hai.

Mtoto hakuishi.

Tangu Jumanne nimeubomoa mfumo na kuujenga upya. Sasa kila hatua inajitegemea. Naweza kuongeza moja au kuhamisha nyingine bila kugusa zilizobaki. Hatua ikishindwa, inajaribu tena. Ikishindwa mara tatu, ujumbe unakwenda kama ulivyoandikwa kwenye simu ya muuguzi wa zamu, na simu hiyo inaita mpaka aupokee. Hakuna kinachotupwa.

Leo asubuhi nilipanda bodaboda hadi Didia. Mama Kulwa alikuwa uani anapepeta mtama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikamweleza yote, hata ule mstari wangu. Nilitegemea anitukane. Alimaliza ungo wake kwanza, akajifuta mikono, akachukua simu. "Ngoja nijaribu."

Akaandika kwa Kisukuma, makusudi, bila namba. Haikupita dakika, muuguzi akapiga: "Mama Kulwa, kuna nini huko?"

"Najaribu tu, mwanangu."

Nilipumua. Kwa mara ya kwanza wiki hii nilijiona nimefanya kitu. Kisha akanigeuzia simu yake nione jibu alilopata: "Ujumbe umepokelewa, asante."

"Hili bado lipo," akasema. "Binti yangu, lile trekta nililiona mapema, likipita hapo mbele. Sikulisimamisha. Asante yenu ilikuwa imeshafika. Nikamwambia Nyanjige, tulia, wanakuja."

Siku tatu nimehangaika na hatua iliyoshindwa. Iliyowaweka pale saa mbili ni hatua iliyofanya kazi vizuri.

Nilikaa chini palepale uani, nikafungua kompyuta, nikalihamisha jibu hadi mwisho kabisa. Sasa linatoka dereva akishaitika tu: "Dereva anakuja." Dakika tano zikipita bila dereva: "Gari halijapatikana. Tafuteni usafiri mwingine sasa hivi." Mama Kulwa alinitaka nimsomee maneno hayo mara mbili. Hilo "sasa hivi" ameliongeza yeye.

Wakati naondoka akanisindikiza hadi barabarani. Akaniambia Nyanjige bado amelazwa, na anaamini gari liliharibika njiani. Hakuna aliyemwambia vingine.

"Utamwambia wewe," akasema. "Mimi siwezi."

Kesho, saa za kuona wagonjwa, nitakwenda. Sitapeleka maelezo ya kitaalamu, wala sitasema "mfumo" pale ninapopaswa kusema "mimi". Hilo nimeshaliamua.

Lakini nikishasema pole, neno linalofuata ni lipi?