Gauni Niliyovaa kwenye Mkutano wa Wazazi

Kavutha,

Githeri iko kwa sufuria, ongeza maji kidogo. Mpe mdogo wako Nzomo kwanza kabla aanze kulia.

Jana uliponiambia hiyo gauni ya mtumba ni ya kulala, nilikuita mwenye maringo, tena mbele ya wageni. Mimi niliona tu inaficha tumbo na bei ni nzuri. Leo nimeivaa mkutanoni shuleni kwenu. Mama Pili akaniuliza, "Wewe, umetoka kitandani moja kwa moja?" Benchi nzima ikacheka. Nikakuona kwa dirisha la darasa umeinamisha kichwa.

~~Nikirudi usiniulize kitu.~~

Nisamehe, mwanangu. Nimeenda sokoni kutafuta ingine. Ukishakula nifuate kwa Safiya wa mtumba. Silipi chochote kabla wewe uone.

Mama yako