Ijumaa ya Matawi

Najma, Doha
Jumatano ya Wiki Takatifu, 2014

Mdogo wangu mpendwa Hannah,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia kwa sauti hata kama uko peke yako jikoni. Hujambo wewe, na shemeji Laban hajambo? Kile kikohozi chake kimepungua? Mimi ni mzima, ila miguu inaniuma, kwa sababu hoteli yetu kule West Bay imejaa wageni wa mikutano na vitanda vya kutandika haviishi. Bradley naye je? Nimesikia ameshika sala zote na katekista amemsifu mbele ya wenzake. Nimefurahi. Nimefurahi nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Tangu Jumatano ya Majivu uliniuliza jambo moja nami nimekuwa nikilikwepa. Uliniuliza kama nakubali wewe usimame na Bradley siku ya Pasaka anapopokea Komunyo ya kwanza, pale panapotakiwa mama mzazi, maadamu mimi nimenyimwa likizo. Jibu limo humu. Mwenzetu Githinji anasafiri kesho na ameahidi kukufikia Kitale Jumamosi, kwa hiyo utalipata kabla ya Misa. Kwa simu ningeshindwa. Ungeanza kunibembeleza kabla sijamaliza kusema.

Kwaresima ya huku, kama ujuavyo, ina mambo yake. Jumapili ni siku ya kazi, basi Misa ya Jumapili tunaisali Ijumaa, Wahindi kwa saa yao, Wafilipino kwa saa yao, na sisi wa Kiswahili tunapewa Njia ya Msalaba baada ya saa saba, jua likiwa kali kweli. Jumuiya nayo inakutana kila wiki. Zamani tulikutana chumbani kwetu hapa Najma, watu wamekaa juu ya vitanda kama abiria. Siku hizi tunakwenda mtaa wa Fereej Bin Mahmoud kwa Jeptoo, kwa sababu Jeptoo ana sebule.

Huyu Jeptoo ni muuguzi, alikuja mwaka jana, na kazi yake inamruhusu kuishi na familia. Ana binti wa miaka tisa, rika la Bradley. Nikwambie wazi, simpendi. Hajanikosea kitu. Anatupikia githeri, anatumiminia chai ya tangawizi, kila anayeingia anamkaribisha kwa jina lake. Lakini huyo binti humwegemea wakati wa Rozari mpaka anasinzia, na mama mtu humpapasa nywele huku akiendelea kusali bila kukwama. Mimi nikitazama pale hata sijui tuko kwenye tendo gani la Rozari.

Sasa sikiliza. Kituo cha nne, Yesu anapokutana na Mama yake, ni changu. Nimekisoma miaka yote na kila mtu anajua. Mwaka huu Reuben, mwenyekiti wetu, akampa Jeptoo, tena binti asimame kando yake na mshumaa. Nilimfuata Reuben kule yanakoegeshwa magari nikamwambia Jeptoo ana sauti ndogo, wa nyuma hawatasikia. Reuben hana haya hata kidogo. Akaniambia, "Pam, wenzako Kwaresima hii wamefunga nyama. Wewe jaribu kufunga mdomo." Watu wakacheka, nami nikacheka nao ili nisionekane nimeumia. Jeptoo akasoma, na sauti yake ikafika hadi getini. Mimi niliyepiga magoti pale, unajua nilikuwa nikiombea nini? Ule mshumaa uzimike. Haukuzimika. Baada ya ibada alinijia akacheka vizuri tu, akaniomba nimsindikize kununua gauni jeupe la binti yake, kwa kuwa naye anapokea Komunyo Pasaka hii hii. Nikamwambia nina zamu. Sikuwa na zamu yoyote.

Halafu ikaja Ijumaa iliyopita, Ijumaa yetu ya Matawi. Tulizunguka ua na matawi ya mitende, marefu kuliko sisi, tukaimba mpaka walinzi wa getini wakatabasamu. Kwa mara ya kwanza mwaka huu moyo wangu ulitulia. Nikatoka pale nikakupigia ili niongee na Bradley. Sasa, miaka minane ya kusali Jumapili siku ya Ijumaa imenivuruga kichwa, na furaha nayo ikanizidi. Nikasahau kabisa kwamba huko kwenu ilikuwa Ijumaa tu, mtoto ametoka shule. Nikamuuliza tawi lake lilikuwa kubwa? Aliimba kwa nguvu? Akaniambia kwa adabu kabisa, "Lakini Anti, Matawi ni Jumapili. Mama ndiye alisema."

Nilikusikia ukimnong'oneza kwamba aliye kwenye simu ndiye mama yake. Nikamsikia naye akikuuliza, "Na wewe?" Ulivyomjibu sikusikia. Kesho yake nilikudanganya kwamba mtandao ulikatika. Nilikata mimi.

Hannah, si Jeptoo ninayemwonea wivu. Ni wewe. Nakuonea wivu kwa jino lake lililong'oka ukaliokota wewe, kwa homa zake ulizokesha nazo, kwa kila asubuhi unapomfunga vifungo vya shati. Ninakushukuru na ninakuonea wivu kwa wakati mmoja, na wivu ndio wenye nguvu. Jioni ile ile ya Matawi nilimpigia mwalimu mkuu wa shule ya bweni huko Eldoret nikaomba nafasi ya Bradley kuanzia Mei. Nikapewa. Haikuwa kwa ajili ya masomo, usije ukadanganywa na mtu. Nilitaka atoke kwako. Niliona kwamba kama hawezi kuwa wangu, basi asiwe wa mtu. Nilijua atalia, na nikasema moyoni na alie tu.

Jumatatu tulikuwa tena kwa Jeptoo. Nilikuwa nimepitia dukani kuchukua viatu vyeupe vya Bradley ili nimpe Githinji, nikavitoa watu wavione, nikijivuna. Binti yule akaomba avijaribu. Mguu haukuingia hata nusu. Akasukuma, akasukuma, kisha akaniuliza kama mtoto wangu bado ni mdogo. Hakuna aliyecheka, hata Reuben. Nilikuwa nimemnunulia viatu yule mtoto niliyemwacha, si huyu aliyeko. Jeptoo alivirudisha kwenye boksi, akanishika mkono, nami kwa mara ya kwanza sikuutoa.

Asubuhi hii nimempigia yule mwalimu mkuu nikamwambia nafasi ampe mwingine. Bradley haendi bweni. Viatu nimevirudisha dukani; mnunulie huko wewe unayeujua mguu wake.

Basi jibu langu ni hili. Simama naye. Usisimame nyuma kidogo kwa ajili yangu, wala usimfundishe njiani jinsi ya kuniita. Akikuita Mama pale mbele ya altare, mwitikie.

Na wivu usidhani umekwisha. Upo, umo hata katika mkono huu unaoandika. Likizo yangu ni Agosti. Nikija, tafadhali usije ukaenda kwa wakwe zako eti kutupisha mimi na mtoto tuzoeane. Kaa nyumbani. Nataka nimwone anavyokukimbilia akitoka shule, anipite pale mlangoni, niumie nikiwa hapo hapo mbele yenu, halafu uniambie anapenda kula nini nikampikie.

Msalimie Laban, katekista na majirani wote wanaoniulizia. Wanajumuiya wa huku wanawasalimu, na Jeptoo pia. Mungu awajalie Pasaka yenye amani, na amvushe salama Githinji aliyebeba barua hii.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Pamela